Mwalimu mwenzangu wa Malindi, anza na dhiraa

Juma lililopita nilipata ujumbe wa mwalimu mchanga, yuko Malindi, anafundisha Gredi ya 4. "Bi Mwalimu," kaandika, "watoto wangu dukani hawapunjwi hata shilingi, lakini nikiandika hesabu ubaoni wananyamaza kimya. Nifanyeje?" Nimeusoma mara tatu. Swali hilo nililibeba mimi hapa Lamu miaka sita iliyopita, na sikuwa na wa kumuuliza.

Mada ilikuwa urefu. Zoezi la kitabu lilihusu ua wa shamba la ng'ombe, nasi kisiwani tuna punda na mashua. Nilifundisha siku tatu, nikatoa jaribio, nusu ya darasa wakaanguka. Kijana mmoja, babake fundi wa majahazi, alipata mbili kwa kumi.

Jioni ile nikapita karakana yao. Baba alikuwa na keekee mkononi anatoboa ubao. Bila kuinua uso akasema, "Nipimie dhiraa tatu." Yule mtoto akalaza mkono wa babake juu ya ubao, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, akatia alama ya makaa, akausogeza, mara tatu. Kisha akarudia kuanzia upande wa pili kuhakikisha. Hakukosea. Nilisimama pale nikijiuliza zile mbili kwa kumi zilikuwa alama zake au zangu.

Kesho yake nikamwomba fundi anikopeshe ubao. Mashallah, alikuja nao mwenyewe, punda kaubeba. Nikawaambia watoto kila mmoja aupime kwa mkono wake. Mmoja kapata dhiraa tisa, mwingine nane. Fundi akapima kwa wake, sita na nusu. Darasa likalipuka. "Mwalimu, ubao ni huohuo!" Wakabishana, wakapima tena, hata msichana mmoja mdogo akasema, "Basi natuchagueni mkono wa mtu mmoja, sote tufuate huo." Mita ndiyo hiyo. Sikuwa nimeitaja bado. Nilipotoa futikamba, ubao ukawa mita 3, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mita ni ya nini.

Kelele zile zilimleta mkuu mmoja wa shule niliyokuwa nikifundisha. Alisimama mlangoni, mbele ya fundi na mbele ya watoto, akasema, "Mwalimu, hapa ni shule, si karakana." Nilinyamaza kwa heshima. Fundi akafunga ubao wake juu ya punda, akaondoka na chai hajaimaliza. Mimi nilishazoea kukemewa. Kilichoniuma ni yule kijana, aliyesikia kazi ya babake ikisemwa vile. Muhula uliofuata alipata nane kwa kumi. Kwa fundi hakuna aliyekwenda kuomba radhi ila mimi.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu ni huu: kabla hujafungua kitabu, waulize watoto nyumbani kwao wanapima nini, na wanatumia nini kupimia. Hapa shubiri mbili, yaani ncha ya kidole gumba mpaka ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetanuliwa, ni dhiraa, dhiraa nne ni pima, na kwenye nafaka vibaba vinne ni pishi. Hizo ni kuzidisha na sehemu tayari, mtoto kazikuta kwa bibi yake. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni 20. Niulize korija 3 na boriti 7 ni boriti ngapi, mikono yote iko juu. Niandike 20 × 3 + 7 ubaoni kabla ya hapo, wanatazama dirishani.

Na maji. Nilisimamisha chati ukutani, kila mtoto wa mvuvi alete saa maji yalipojaa. Jumatatu saa nne na dakika kumi, Jumanne saa tano kasoro kidogo. Wakaanza kutoa: dakika 50 hivi, siku nyingine zaidi, siku nyingine chini. Hapo pia tukatatua fujo ya saa, maana kitabu husema 10:00 na nyumbani ni saa nne. Baada ya wiki kadhaa mmoja akaniita, "Ndoo uone, Mwalimu!" Kaweka kidole kwenye chati: bamvua, yale maji makubwa kuliko ya siku zote, limekuja baada ya mwezi mwandamo, na limerudi baada ya mwezi kumi na nne, yaani mwezi mpevu. Tarehe hizo kazitoa madrasa. Sayansi, hesabu na dini kwenye karatasi moja, na mimi nilikuwa nimekaa tu.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi, ule wa CBC, umetupa ruhusa hii tangu 2019. Tusiigeuze kuwa orodha ya vitu vya kumtuma mzazi akanunue usiku. Mzazi asiye na shilingi ya karatasi ya manila ana mkono wa kupimia. Mwiteni darasani, mpeni kiti, watoto wamwamkie kama wanavyomwamkia mkaguzi. Mtoto akiona babake kaheshimiwa, hesabu zitaingia.

Wewe Malindi una makuti. Tafuta fundi wa kuezeka, muulize chumba cha pima tatu kwa mbili humaliza makuti mangapi na huyapanga kwa kuachana kiasi gani. Usilijue jibu kabla ya watoto. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu mapema, tena kwa maandishi, na chai ya fundi iandaliwe kabla hajafika.