Mume wangu hataki tulipe SHA, nami nina mimba ya miezi mitano

Shikamoo Shangazi. Ninafanya kazi za nyumbani Nyali, jioni narudi kwangu Kisauni. Tajiri hunilipa 12,000 mkononi kila mwisho wa mwezi. Mume wangu ni wa bodaboda. Tuna watoto wawili na sasa nina mimba ya miezi mitano. Wa pili nilizaa kwa kupasuliwa, na lile deni la hospitali tulilimaliza kwa mchango wa jamaa. Tulipojiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, tuliambiwa tulipe 610 kwa mwezi, ila mwaka mzima kwa mpigo, yaani 7,320. Mume wangu amekataa katakata. Asema tunakatwa kodi kwenye petroli, kwenye vocha, kwenye sabuni. Mbona Mwingereza hutibiwa kwa kodi yake, na sisi tulipe mara mbili? Kila nikigusia jambo hili tunanuniana siku mbili. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana hoja, na ningependa umwambie hivyo kabla ya neno jingine lolote. Petroli anayotia kwenye pikipiki ina kodi, na vocha ina ushuru wake. Uingereza nako, tangu Julai 1948, mtu asiye na senti huingia wodini akatoka bila kudaiwa, kwa kuwa kodi ya wote ndiyo inayolipa. Hata sisi Kenya tuliwahi kushika njia hiyo. Mwaka 1965 ada za wagonjwa wasiolazwa ziliondolewa, zikarudishwa mwishoni mwa 1989 kwa jina la kuchangia gharama, na 2013 zikaondolewa tena kwenye zahanati na vituo vya afya. Mimi niko upande wake. SHA hutoza asilimia 2.75 ya mapato: ya mtu wa 12,000 inatoka kwenye chakula cha watoto; ya mtu wa laki tano inatoka kwenye akiba. Hizo si asilimia sawa hata kidogo, na yeyote anayekuomba kura astahili kuulizwa hilo mbele za watu.

Lakini mtoto huyu atazaliwa baada ya miezi minne. Serikali haitabadilisha mpango wake kufikia hapo, na atakayelala kwenye meza ya kupasuliwa ni wewe, si mumeo wala waziri.

Kuna kitu ambacho huenda nyinyi wawili hamkuelezwa vizuri. Sehemu ya anachokidai mumeo ipo tayari. Katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, matibabu ya kawaida hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi unaotokana na kodi. Hapo hutakiwi kuwa umelipa mchango wowote, mradi umejiandikisha, na nyinyi mmeshajiandikisha. Kwa hiyo watoto wakishikwa na homa au kuhara, msikimbilie duka la dawa wala kliniki ya mtaani. Nendeni kituo cha afya mkachukue kilicho chenu. Najua dawa wakati mwingine hukosekana pale. Nendeni hivyo hivyo.

Upasuaji ndio hauko katika fungu hilo. Unahitaji hospitali ya ngazi ya nne kwenda juu, na huko SHA hulipa tu kwa aliyekamilisha mchango: 30,000 kwa kupasuliwa, 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida. Wewe ulishapasuliwa mara moja, kwa hiyo uwezekano wa kupasuliwa tena si mdogo. Weka 7,320 kando ya 30,000, kisha mkumbushe mumeo jamaa waliochanga mara ile.

Sasa nikuguse pale ambapo barua yako imenichoma zaidi. Umeandika 12,000 kana kwamba ni jambo la kawaida. Tangu Novemba 2024, mfanyakazi wa nyumbani Mombasa hatakiwi kulipwa chini ya 16,113 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya marupurupu ya nyumba, ambayo wewe unastahili kwa kuwa hulali kwa tajiri. Kila mwezi unapunjwa zaidi ya shilingi elfu nne. Kwa miezi miwili tu pesa hizo zingemaliza mchango wenu wa mwaka mzima. Wewe na mumeo mnagombania shilingi ambayo tayari imebaki Nyali.

Na zaidi ya hayo, wewe ni mwajiriwa. Mwajiriwa hatakiwi kulipa mwaka kwa mpigo. Tajiri ndiye anayepaswa kukukata kila mwezi asilimia 2.75 na kuipeleka SHA kufikia tarehe tisa ya mwezi unaofuata. Kwa 12,000 ni 330. Kwa 16,113 ni kama 443. Watoto na mumeo huandikwa chini ya jina lako.

Anza na hilo, kwa sababu SHA haimtoi tajiri hata ndururu ya mfukoni mwake. Mngoje akiwa ametulia, umwambie: "Mama, nina mimba, na mara iliyopita nilipasuliwa. Naomba uniandikishe SHA unikate kwenye mshahara." Huenda akagutuka kwamba nyuma yake kuna NSSF, yaani akiba ya uzeeni, na ushuru wa nyumba, ambazo yeye pia huchangia, na wewe pia hukatwa. Sikufichi hilo. Suala la kima cha chini lingoje mpaka ujifungue salama ikiwa waogopa kufukuzwa, ila usilizike. Chama cha KUDHEIHA hutetea wafanyakazi wa nyumbani, na ofisi ya leba husikiliza bila malipo.

Akikataa, msikae bure. Piga *147# uangalie mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kulipa kidogo kidogo. Msingoje mwezi wa tisa wa mimba.

Kliniki yako ijayo nenda na mumeo. Mwombe nesi amweleze yeye mwenyewe, mbele yako, mtazalia wapi na ni nini kitahitajika kovu la kwanza likileta shida. Mkitoka hapo mzungumze habari ya pesa siku hiyo hiyo.