Muulize Mfamasia: "Vidole vinakuwa vyeupe pee na nahisi wenzangu wananisema"

Safari hii nimechukua barua tatu tu na zote zinahusu dawa ya aina moja, ile inayouzwa kwa majina ya Concerta na Ritalin. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana huyu kijana ana hali inayohitaji hospitali wiki hiihii, sio mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwanafunzi mwaka wa pili chuo kimoja hapa Tabora, nakaa hosteli maeneo ya Isevya. Binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo, yeye ana shida ya kutotulia tangu mtoto na anatumia vidonge vya Concerta alivyoandikiwa na daktari, akanigawia baada ya kumwambia nina sapu mbili, mitihani ya kurudia, na nikishika desa tu nasinzia. Mwanzo ilikuwa raha, nilikuwa napiga msuli kuanzia saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri na njaa siisikii kabisa. Baadae nikaona kinachelewa kushika nikaanza kukisaga alafu nashushia na enaji. Sasa kuna mambo siyaelewi. Nikifua asubuhi vidole viwili, cha kati na cha pete, vinakuwa vyeupe pee, unaona kabisa mstari weupe unapoishia, ukivifinya havina hisia, alafu vinaingia rangi ya bluu na mwisho vinakuwa vyekundu vinawaka moto. Taya zinauma, wenzangu wanasema usiku nasaga meno. Nasikia naitwa jina koridoni nikitoka hamna mtu, na wenzangu chumbani wakicheka tu najua wananisema mimi. Nimepungua mpaka mkanda nimeongeza tundu. Hospitali walinipima malaria, UTI na taifodi hamna kitu, ila habari ya vidonge sikumwambia daktari. Mama yuko Urambo anasema nimerogwa niende kuna mzee atanisaidia. Na huo mtihani wenyewe nilijaza kurasa nane nikatoka najua nimeua, matokeo nimepata sapu ileile. Vimebaki vidonge kumi na moja, nimalizie kwa kupunguza kidogokidogo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usimalizie. Kuanzia leo usinywe hata kimoja, na hivo vilivyobaki usimgawie mtu wala usivitupe chooni, nenda navyo hospitali hivohivo kwenye paketi yake ili daktari aone jina na miligramu, alafu waachie famasi ya hapohapo waviteketeze.

Nianze na vidole maana hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Dawa iliyo ndani ya Concerta inaitwa methilifenideti, ni ileile iliyomo kwenye Ritalin, iligunduliwa Uswisi mwaka 1944. Kazi yake ni kuzuia ubongo usirudishe haraka kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, kwa hiyo zinabaki nyingi kati ya seli na seli. Mtu mwenye ADHD, yaani hiyo shida ya kutotulia ya binamu yako, akipewa kipimo chake anatulia na akili inakaa sehemu moja. Lakini hiyo noradrenalini haifanyi kazi kichwani peke yake, inabana mishipa ya damu mwili mzima, presha inapanda, moyo unakwenda mbio, na mishipa midogo ya vidoleni inajifunga mpaka damu haifiki, kama mpira wa kumwagilia bustani ukiukanyaga katikati. Maji ya baridi ya asubuhi yanazidisha tu. Weupe, alafu bluu, alafu wekundu wa kuunguza, mpangilio huohuo uliouandika wewe, daktari mmoja Mfaransa aitwaye Maurice Raynaud aliueleza mwaka 1862 na mpaka leo madaktari wanauita kwa jina lake. Kwenye karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi la dawa hizi umeandikwa kabisa kama dhara linaloweza kutokea. Sasa we ulipewa vidonge mkononi bila boksi, hiyo karatasi ungeisomea wapi?

Habari njema ni kwamba mara nyingi vidole vinarudi vyenyewe dawa ikiachwa. Kwa sasa fulia maji ya uvuguvugu, kahawa na enaji acha, sigara kama unavuta acha, na ukiwa na mafua usinunue vidonge vya kuzibua pua bila kumwambia muuzaji, maana vingi navyo vinabana mishipa. Ukiona kidonda kwenye ncha ya kidole au weusi usiotoka wahi hospitali siku hiyohiyo.

Kusaga kidonge ndo kumekufikisha pabaya zaidi. Vidonge hivi vya kutoka taratibu vimetengenezwa ili dawa iingie mwilini kidogokidogo mpaka masaa kumi na zaidi, we ukikisaga unajipa sehemu kubwa ya dawa ya siku nzima kwa mpigo, na juu yake unaweka kafeini ya enaji ambayo nayo inakimbiza moyo kivyake. Alafu hulali, huli, mwili unachemka na hili joto la Tabora. Kwa hali hiyo kusikia jina lako koridoni hakunishangazi hata kidogo. Dopamini ikizidi na usingizi ukikosekana usiku baada ya usiku, ubongo unaanza kusikia visivyokuwepo na kuona kila mtu ana nia mbaya, na hii inaweza kumtokea hata mtu ambaye hajawahi kuumwa akili na kwao hakuna mgonjwa. Kwa wengi inaisha dawa ikitoka na usingizi ukirudi, ila sio kwa wote, na ndo maana hili sikuachii ulisubirie hosteli. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, na nenda na mtu. Najua sasa hivi humwamini mtu yeyote chumbani, basi mwite mama aje kutoka Urambo mwende pamoja.

Mama yako simlaumu. Mtoto kakonda ghafla, halali, anasikia sauti, vipimo vyote havioni kitu, mzazi gani asingewaza kulogwa? Kinachokosekana kwenye hiyo hesabu yake ni taarifa moja tu na unayo wewe. Daktari pia hana. Moyo kwenda mbio, kukonda, kutetemeka, kukosa usingizi, hivo vyote vinafanana na ugonjwa wa tezi ya shingo na magonjwa mengine mengi, kwa hiyo usipotaja vidonge utapimwa kila kitu na utaandikiwa dawa za ugonjwa usiokuwa nao, na zingine zinagombana vibaya na hiyo uliyonayo mwilini. Unamwogopa daktari atakushtaki? Anachotaka kujua ni umemeza nini, kiasi gani na mara ya mwisho lini. Sentensi tatu hizo ziseme kabla hujakaa hata kwenye kiti.

Sasa mtihani, maana naona ndo uliokuuma kuliko hata vidole. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitoa kwenye jarida la Science Advances matokeo ya jaribio la watu 40 wazima wasio na ADHD. Waliwapa maswali ya kupanga vitu kwenye begi lenye kikomo cha uzito ili thamani itoke kubwa kadri inavyowezekana, siku tofauti wakiwa wamemeza methilifenideti, dawa mbili nyingine za jamii ya kuchangamsha, au kidonge kisichokuwa na dawa. Wakiwa na dawa walitumia muda mrefu zaidi, walihamisha vitu mara nyingi zaidi, juhudi ilikuwa kubwa kweli, lakini ubora wa majibu ulishuka, na waliokuwa juu ya wastani bila dawa wengi walianguka chini ya wastani walipomeza. Soma tena hapo alafu kumbuka kurasa zako nane. Dawa ilikupa bidii na uhakika, haikukupa jibu, na usingizi ambao ndo ungeyaweka ulosoma kichwani uliufukuza mwenyewe kila usiku.

Ukiacha utajisikia vibaya siku kadhaa: utalala sana, utakula sana, moyo utakuwa mzito na dunia utaiona haina maana. Hiyo inategemewa. Mwambie mama mapema ili asishangae, na kama yatakujia mawazo ya kujidhuru usikae peke yako, rudi hospitali hata iwe usiku wa manane. Kifua kubana, kuzimia, mwili kuwaka joto kali au degedege pia ni mambo ya kukimbizwa, sio ya kulala uone kama kesho itakuwaje. Na sapu utairudia, chuo kina utaratibu wa mwanafunzi mgonjwa, ukiwa na cheti cha daktari nenda kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya tarehe sio baada.

SWALI: Habari za kazi mama. Mi ni dereva wa lori, natoka Kigoma kupitia Uvinza na Kaliua mpaka Tabora na mara nyingi ni usiku. Kuna jamaa alinipa Ritalin akasema ni dawa ya watoto watukutu haina madhara. Kweli silali njiani, ila nikifika nakunywa konyagi nipate usingizi, na siku hizi nakunywa nyingi na silewi. La pili naona aibu kuliandika, wiki iliyopita uume ulisimama kuanzia usiku mpaka jua linachomoza, unauma, na hata hamu sikuwa nayo. Ni dawa hiyo?

JIBU: Salama kaka, na umefanya vizuri sana kuandika. Inawezekana kabisa ni hiyo dawa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Desemba 2013 kuhusu methilifenideti na jambo hilohilo, na mara nyingine linatokea hata dawa inapokuwa inaisha mwilini, kwa hiyo usije ukasema sikuwa nimemeza siku ile. Damu inaingia haitoki, na ikikaa hivo zaidi ya masaa 4 nyama ya ndani inaanza kuharibika na unaweza kupoteza nguvu moja kwa moja. Ikitokea tena usisubiri jua, nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, kitengo cha dharura na useme kama ulivyoniandikia mimi, wanaume wengi wanapotea kwa aibu hiyohiyo ya kusubiri papumzike. Na hata kama haijarudi nenda ukapimwe presha na ukamsimulie daktari.

Pombe: hujaacha kulewa kaka, umeacha kusikia kuwa umelewa. Ini lako linapata mzigo uleule, na ukichanganya hivi viwili kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda na ini linatengeneza hapohapo kemikali nyingine ya tatu ya kuchangamsha. Usingizi nao ni vilevile, deni liko palepale. Ritalin ya kawaida inafanya kazi masaa 3 mpaka 4 alafu inakatika, na ikikatika usingizi wote uliouzuia unakuja kwa pamoja, unafumba macho sekunde chache tu na hujui kama umefumba, na wewe uko na tani zako mbele ya basi la watu. Kama ratiba ya tajiri wako haikuruhusu kulala omba dereva wa pili au paki Kaliua ulale. Mzigo kuchelewa unasemeka.

Na hiyo "dawa ya watoto" iko kwenye jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazochezea akili, pamoja na amfetamini. Ukikutwa nayo bila cheti una kesi ya kujibu.

SWALI: Dada yangu, niko Ujiji, mwanangu wa miaka 9 ameandikiwa Ritalin na daktari bingwa huko Dar baada ya kupimwa muda mrefu. Shule anaendelea vizuri ila nimesikia mambo ya kutisha, nimwachishe?

JIBU: Usimwachishe dada, na kipimo usibadilishe bila daktari wake. Hawa wawili hapo juu wametumia dawa isiyo yao, bila kipimo cha moyo wala presha, usiku wakati wa kulala, mmoja kwa kusaga na mwingine na pombe. Mwanao kapimwa, kaanzishwa kidogo, anafuatiliwa. Mpe asubuhi akishakula, maana hamu ya mchana itapungua, alafu usiku dawa ikiisha mpikie vizuri, ugali wake na migebuka ashibe. Muulize kama vidole vinamuuma au moyo unamdunda, watoto hawasemi mpaka waulizwe.

Vidonge weka kwenye sanduku lenye kufuli na uvihesabu kila Jumapili. Nasema hivi kwasababu hao FDA walipoongeza ukali wa onyo lao mwaka 2023 walieleza kuwa wengi wanaozitumia vibaya wanazipata kwa ndugu na marafiki, na nyumbani kwako najua kuna wajomba na mabinti wa sekondari. Urefu na uzito wake andika kila mwezi kwenye daftari, uende nalo kliniki, maana dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua na daktari anataka kuona namba kabla ya kuamua kama aendelee na kipimo hikohiko.