Mkurugenzi amefariki: je, kumsifu hadharani ni maombolezo ya kijahiliya?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Baba yangu alifariki miezi miwili iliyopita. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na kwa miaka mingi aliongoza bodi za shule na kamati za maendeleo. Kampuni na viongozi wa mji wameandaa hafla ya kumuenzi, nami kama mtoto mkubwa nimeombwa nieleze maisha yake. Ustadhi mmoja ameniambia kwamba kusimama na kutaja wema wa maiti ni maombolezo ya kijahiliya, yaani ya zama za kabla ya Uislamu, na kwamba kwa kila sifa nitakayoitaja baba ataadhibiwa kaburini. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Jingine: wapo wafanyakazi wa zamani wanaosema baba aliwazuilia malipo yao, na ndugu zangu wanataka tugawe mirathi kwanza, hayo yatazungumzwa baadaye. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah amrehemu baba yako, amsamehe, na akupe subira. Nimelisoma swali lako mara tatu. Lililonihuzunisha ni kwamba mfiwa amekwenda kutafuta faraja akarudishwa na kitisho.

Simama uzungumze. Kumtaja maiti kwa wema alioufanya kweli, bila kupiga mayowe wala kutia chumvi, ni halali, na huenda kukawa na kheri kwake.

Ustadhi wako hakuzusha kutoka hewani. Nadhani anazo hadithi tatu mkononi, na zote zipo. Kosa lake ni kuzibebesha zisichokibeba.

Ya kwanza ni ya sahaba Hudhaifa, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeusia kifo chake kisitangazwe kwa kuwa alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akikataza kutangaza misiba. Lakini Mtume huyo huyo aliwatangazia masahaba kifo cha Najashi, mfalme wa Uhabeshi, siku ile ile aliyofariki, akawapanga safu na kumswalia kwa takbira nne. Aliwatangazia pia vifo vya Zaid, Jaafar na Ibn Rawaha waliouawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria, huku macho yake yakitiririka machozi. Kilichokatazwa ni desturi ya Waarabu wa jahiliya ya kumpandisha mtu kipando azunguke makabila akipiga kelele za kujifaharisha kwa maiti. Mwenye kuichukua hadithi ya Hudhaifa na kuifumbia macho ya Najashi amesoma nusu ya mlango.

Ya pili ni ile isemayo maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Bibi Aisha alipoisikia aliwarudisha watu kwenye kauli ya Allah: "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine." Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, naye alifafanua kwamba hilo ni pale maombolezo yalipokuwa mwendo wa marehemu mwenyewe. Na zaidi ya hayo, hadithi inazungumzia kilio cha mayowe. Mtoto anayesimama kwa utulivu na kusema "baba yangu alijenga madarasa, mkayaona" analia kilio gani hicho? Kumtishia mwana kwamba ukweli wake utamchoma baba yake kaburini ni kusema juu ya Allah bila elimu, na hilo ni zito kuliko hafla yenyewe.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Abdullah bin Rawaha alizimia katika ugonjwa, dada yake akaanza kulia: "Ewe mlima wangu! Ewe kadha, ewe kadha!" Alipozinduka akamwambia: hukusema neno lolote ila niliulizwa, je, wewe ndivyo ulivyo? Ustadhi anaona hapa katazo la kila sifa. Mimi naona kipimo cha sifa. Andika hotuba yako, kisha katika kila sentensi mfikirie baba akiulizwa: je, ndivyo ulivyokuwa? Akiweza kujibu "ndiyo", iache. Asipoweza, ifute, hata kama imeandikwa na ofisi ya kampuni kwa lugha ya kupendeza.

Sasa tazama masahaba walifanya nini kwa viongozi wao. Khalifa Umar alipolazwa juu ya jeneza, Ali alisimama mbele za watu akamwambia kwamba hakuacha nyuma yake mtu ambaye yeye, Ali, angependa zaidi kukutana na Allah akiwa na mfano wa amali zake. Hiyo si sifa? Na haikusemwa gizani. Mughira bin Shu'ba, gavana wa mji wa Kufa huko Iraq, alipofariki mwaka wa 50 Hijria, Jarir bin Abdillah alisimama, akamhimidi Allah, akawausia watu uchaji na utulivu mpaka kiongozi mwingine awafikie, kisha akasema: "Muombeeni msamaha amiri wenu, kwani yeye alikuwa akipenda kusamehe." Jarir alitaja sifa moja tu. Hakuhesabu cheo wala mali, akaichagua ile inayofungua dua. Iko katika Sahihi Bukhari, na ningemwomba ustadhi wetu aisome kabla hajamtia mfiwa mwingine hofu.

Na Anas amesimulia kwamba jeneza lilipita likasifiwa kheri, Mtume akasema "imewajibika", yaani Pepo, kisha akasema: "Nyinyi ni mashahidi wa Allah katika ardhi." Shahidi anayenyamazishwa atashuhudia vipi?

Ila kuna mstari usiuvuke. Ummul-Alaa alimsifu Uthman bin Madh'un alipofariki, akashuhudia kwamba Allah amemkirimu, Mtume akamuuliza: umejuaje? Basi usiseme baba yuko Peponi. Sema unamtarajia rehema. Dakika ya kusimama kimya haina asili kwetu, waombe wenyeji badala yake muda wa dua, nadhani hawatakunyima. Sanamu likipendekezwa, kataa kwa heshima. Jina lake kuwekwa kwenye darasa alilolijenga sioni ubaya, madhali halitafutwi kwa majivuno. Nabii Ibrahim aliomba: "Na unijaalie nitajwe kwa wema na watu watakaokuja baadaye."

Nimeyamaliza ya hafla. Sasa nikuambie lililonikosesha usingizi mimi, nalo uliliandika mwishoni kana kwamba ni dogo.

Sahaba Zubair bin Awwam alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Siku aliyouawa, mwaka wa 36 Hijria, hakuacha fedha taslimu, aliacha ardhi na nyumba, pamoja na deni la milioni 2 na laki 2. Watu walikuwa wakimletea amana, naye kwa kuogopa zisipotee akawaambia ziwe mkopo juu yake. Alimuusia mwanawe Abdullah: ukishindwa kulilipa, mtake msaada Mola wangu. Abdullah akauza mali na kulipa. Kisha wale warithi wengine wakamtaka agawe kilichobaki. Akakataa! Alisema hatagawa mpaka atangaze kwenye msimu wa Hija kwa miaka 4: mwenye kumdai Zubair na aje tumlipe. Miaka 4, mwanangu, akiwa tayari amekwisha kulipa madeni aliyoyajua. Ndugu zako hawataki kungoja hata miezi michache.

Aya za mirathi zenyewe zinarudia: "baada ya kutoa alichousia au kulipa deni." Mgao haupo kabla ya deni. Na ujira wa mfanyakazi si deni la kawaida, kwani Allah amesema katika hadithi ya qudsi, yaani kauli Yake iliyosimuliwa na Mtume, kwamba Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu siku ya Kiyama wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akachukua kazi yake kamili asimpe ujira wake. Najua utaambiwa kampuni ina deni lake na marehemu ana lake. Tofauti hiyo ipo, mwite mhasibu na mjuzi wa mirathi waichambue. Lakini ikiwa ni baba mwenyewe aliyeamua malipo yazuiliwe, usijifiche nyuma ya muhuri wa kampuni. Waite wanaodai, wape viti, wasikilize. Mwenye uthibitisho alipwe. Asiye na karatasi lakini anajulikana kwa ukweli, nakushauri umridhishe kutoka fungu lako mwenyewe, wala usiwalazimishe ndugu zako. Atakayesamehe kwa hiari, mshukuru, ila usimbane asamehe.

Ukiweza, yafanye hayo kabla ya hafla. Muda ukiwa mfupi, basi siku hiyo mhimidi Allah, taja mawili matatu unayoyajua ya kweli kuhusu baba, kisha sema mbele ya wote: mwenye kumdai baba yangu, aje kwangu. Waombe wamuombee maghfira, halafu ushuke.