Maswali na majibu: Akili inapochoka kabla ya miguu

Wanaouliza tena habari za viatu, tafuteni majibu ya nyuma. Leo ni zamu ya akili.

Shikamoo kocha. Kwenye marathoni, kila nikifika kilomita ya 30 akili inaniambia simama. Niifanyeje iwe ngumu? (Mkimbiaji, Moshi)

Marahaba. Mbona hukusema mazoezini unaishia kilomita ngapi? Wengi wanaoniandikia swali hili, nikiwabana, wanataja 18, wakijitahidi sana 20. Basi akili yako haina kosa, inasema kweli. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini huanza kuishia maeneo hayohayo, na ubongo nao unaitegemea sukari ya ini hiyo. Kilomita kumi za kwanza nenda pole, kula kitu chenye sukari kabla hujaishiwa, na mbio zako ndefu zifike 30 wiki chache kabla ya shindano.

Ukishayafanya hayo ndipo tuzungumze ujasiri. Usihesabu kilomita 12 zilizobaki. Tazama nguzo ya umeme iliyo mbele, ifikie, kisha tafuta nyingine. Legeza taya, shusha mabega, fungua ngumi. Eliud Kipchoge hutabasamu maumivu yanapopanda, na mwenyewe ameeleza kwamba ndivyo anavyojilegeza. Na msiniambie Alphonce Simbu alipata bahati Tokyo, Septemba 2025, alipotwaa dhahabu ya dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Huyo alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016 na wa tatu mashindano ya dunia London 2017. Moyo ule ulijengwa miaka.

Nalinda usiku. Nikitoka saa kumi na mbili asubuhi naunganisha mazoezini, maana bingwa halali. Siku hizi hata mazoezi mepesi yananishinda. (Mlinzi, Dodoma)

Nani kakudanganya kwamba bingwa halali? Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio la watu 16 walioendesha baiskeli hadi wakashindwa, kwa siku mbili tofauti. Siku moja walitangulizwa na kazi ya kompyuta ya kuchosha akili kwa dakika 90. Siku nyingine walikaa tu kutazama filamu za treni na magari. Akili ilipochoshwa waliacha kwa wastani wa dakika 10 na sekunde 40, badala ya dakika 12 na sekunde 34. Moyo na mapafu vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni uzito waliousikia: kazi ileile iliwaelemea mapema zaidi. Hao walichoshwa saa moja na nusu tu. Wewe umekesha.

Ukifika nyumbani kula, weka pazia zito, lala, kimbia jioni kabla ya zamu. Na simu izime kabisa. Nawajua: mtu anasema kalala kwa saa sita, kumbe moja imeishia kwenye mikeka ya kubeti.

Hukuniuliza, ila nawaambia na wa bodaboda na mabasi: usingizi haushindwi kwa moyo mgumu. Ukisinzia barabarani, paki.

Kuna kidonge au kinywaji cha kuongeza ujasiri?

Hapana. Na lile kopo la kuongeza nguvu unalokunywa saa mbili usiku ndilo linalokukosesha usingizi.

Nilikosa penalti fainali ya ndondo, mtaa mzima unanicheka. Kocha anasema nisipige tena hadi akili ikae sawa. (Mshambuliaji, Temeke)

Itakaaje sawa bila kupiga? Robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg, 2 Julai 2010: mwisho kabisa wa dakika za nyongeza, Asamoah Gyan wa Ghana akagongesha mwamba penalti ambayo ingewatoa Uruguay. Dakika chache baadaye, kwenye penalti za kuamua mshindi, yeye huyohuyo akaenda kupiga ya kwanza ya Ghana. Akafunga. Timu ilitolewa, lakini Gyan hakujificha.

Zipige mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa mizito na wenzako wakikuzomea. Chagua upande kabla ya kutenga mpira. Filimbi ikilia, vuta pumzi kwanza. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, ameonyesha kwamba wanaokurupuka baada ya filimbi hukosa zaidi. Utani wa mtaa utahamia kwa mwingine.

Miezi sasa sina hamu ya mbio, kazi wala watoto. Usingizi haupo. Kila mtu ananiambia nikaze moyo. (Mama, Mbeya)

Dada yangu, usikaze. Hali hiyo ikipita wiki mbili ni ya kumwona daktari. Mweleze kama ulivyonieleza, akupime na damu pia, maana upungufu wa damu huchosha hivyohivyo. Kama wazo la kujidhuru limekupitia, usingoje kesho: mwambie mtu wa karibu leo hii, mwende pamoja hospitali.

John Stephen Akhwari alimaliza mbio akiwa na goti bovu. Vijana wa leo wanajitoa ovyo. Si uoga huo? (Mzee, Mbulu)

Shikamoo mzee. Heshima ya Akhwari haina mjadala: marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968, mwinuko unaozidi mita 2,200, ameanguka, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Ila tunamtumia vibaya. Nimeona mwalimu akimpigia kelele mtoto wa darasa la sita mwenye kifundo kilichovimba: "Kumbuka Akhwari!" Akhwari alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Kipchoge, mwenye dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, alijitoa Paris 2024. Naye mwoga?

Kifua kikibana, kizunguzungu, maneno yakianza kuchanganyika juani, kuchechemea kukizidi: simama. Uchovu wa miguu tu, endelea.

Kocha, Jumapili nina marathoni na sijafanya mazoezi. Nijiandaeje kisaikolojia?

Jiandae kugawa maji.