Kabla ya kupaka rangi Ford Model T uliyoirithi

Simu ninazopigiwa kuhusu magari ya kizamani zinafanana. Mtu amerithi shamba, au amenunua kiwanja chenye banda bovu, na nyuma ya magunia imekutwa motokaa ya wazi, matairi yameoza, spoki ni za mbao. Anauliza ni ya mwaka gani, ina thamani gani, na ipakwe rangi ipi. Mimi huanza na swali la mwisho: usipake chochote. Wala usiioshe kwa mashine ya presha. Sehemu kubwa ya majibu ya yale mawili ya kwanza imo ndani ya hiyo rangi iliyochakaa na yale matope yaliyoganda chini ya madigadi.

Ninayoizungumzia ni Ford Model T ya wazi, aina iliyoitwa touring: viti vya mbele na nyuma, watu watano wanakaa, hudi ya turubai inakunjwa nyuma. Model T zilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15 ukijumlisha aina zote, ndiyo maana bado zinafukuliwa mabandani. Shida yake ni kwamba spea zake nyingi zinaingiliana. Injini ya 1923 inakaa vizuri tu kwenye fremu ya 1916, na mafundi wa zamani hawakuwa na sababu ya kujizuia. Gari lililotembea kazi miaka 30 hufika kwetu likiwa na viungo vya magari matatu.

Kwa hiyo mwaka hausomwi mahali pamoja. Namba ya injini iko upande wa kushoto wa bloku, juu kidogo ya pale maji yanapoingia, na wengi wakiipata wanafurahi na kufunga kitabu. Namba hiyo inakuambia umri wa injini basi. Hata hilo si kila mara, kwa sababu bloku za kubadilishia ziliuzwa bila namba, na wakala alitakiwa kupiga ile ya zamani juu yake. Tafuta pia tarehe ya kusubu, yaani siku bloku ilipomiminwa, tarakimu zilizotokeza kwenye chuma chenyewe. Zimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele: 5 20 22 ni Mei 20, 1922. Namba na tarehe vikipishana kwa miaka mingi, ujue bloku ilibadilishwa.

Baada ya injini, tazama umbo. Rejeta ya shaba inayong'aa ni ya 1916 kurudi nyuma; kuanzia modeli ya 1917 ganda lake ni la chuma cheusi na madigadi yamepinda badala ya kunyooka. Taa za mbele za gesi ya kabaidi ziliachwa kuelekea 1915, zikaja za umeme. Starta ya umeme ilianza 1919, na hata baada ya hapo kwenye magari ya wazi ilikuwa ya kuongezea pesa, kwa hiyo gari la 1921 la kupiga hendeli si lazima liwe limeibiwa kitu. Modeli ya 1926 ni rahisi kuitambua: bodi imeshuka chini na sehemu kubwa ya mbao ndani yake imeondolewa.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi ya Kimarekani hayatakusaidia. Model T yenye usukani kulia iliyofika katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Kenya na Tanganyika zikiwemo, kwa kawaida haikutoka Detroit. Ilitoka Walkerville, Ontario, ng'ambo tu ya mto, kwenye kampuni ya Ford ya Kanada iliyoanzishwa 1904 na kupewa soko la Dola ya Uingereza nje ya Uingereza yenyewe. Gari la Kanada na la Marekani ni ndugu, lakini si pacha, na mtu anayetengeneza la Kanada kwa picha za la Marekani ataliharibu kwa nia njema.

Angalia mlango wa mbele kushoto. Kwenye touring za Marekani kuanzia 1913 hadi 1925, upande huo, ambao kwao ndio wa dereva, hauna mlango. Kuna mchoro wa mlango tu uliokandamizwa kwenye bati. Za Kanada mlango huo unafunguka. Nimeona gari ambalo fundi aliuchomelea mlango wa kushoto, akaujaza fila na kuupiga msasa mpaka ukapotea, kwa sababu kwenye picha aliyopewa haukuwepo. Kuufungua tena ilikuwa kazi kubwa kuliko kupaka gari zima.

Halafu angalia skrubu zilizoshika mbao za bodi. Ukikuta kichwa chenye tundu la mraba, tabasamu. Hiyo ni skrubu ya Robertson, iliyoanza kutengenezwa Milton, Ontario, 1908, na Ford ya Kanada iliipenda kwa sababu bisibisi haitelezi. Marekani hawakuitumia. Kwangu mimi skrubu nne za namna hiyo, zenye kutu yake ya asili ndani ya mbao ya asili, zina uzito kuliko kibandiko chochote. Usizibadilishe kwa za msalaba kutoka dukani. Namba ya injini nayo, ikiwa ni ya Kanada, hutanguliwa na herufi C.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo ugomvi ulipo.

Kila mtu amesikia kwamba Model T zote zilikuwa nyeusi. Si zote. Za mwanzo kabisa zilitoka nyekundu, kijivu na kijani. Baadaye kijani iliyokolea, kisha bluu nzito mpaka kwenye modeli ya 1913. Nyeusi peke yake ilitawala kuanzia 1914 hadi 1925. Mwishoni rangi zikarudi, na za wazi zikapata bluu ya kijivujivu na kahawia, huku madigadi yakibaki meusi. Ukiona gari la 1926 lenye madigadi ya rangi ya bodi, mtu alilishika baadaye.

Ile bluu ya kabla ya 1914 inadanganya sana. Ndani ya banda ni nyeusi kabisa. Itoe juani saa nne asubuhi, lowesha sehemu ndogo kwa maji, iweke karibu na kipande cheusi halisi, ndipo utaona. Upande wa pili kuna wekundu wa uongo. Wenye magari huniambia kwa uhakika kwamba chini ya nyeusi wameona nyekundu, hivyo gari lilizaliwa jekundu. Mara nyingi walichokiona ni praima ya kuzuia kutu iliyopakwa na fundi fulani miaka ya 1950. Praima haina mng'ao na imekaa moja kwa moja juu ya bati, wakati mwingine juu ya kutu. Rangi ya kiwandani haijawahi kupakwa juu ya kutu.

Pa kutafutia ni pale ambapo jua na brashi havikufika. Fungua sanduku la koili kwenye ukuta wa mbele utazame nyuma yake. Inua kiti cha mbele, chunguza ukingo unaozunguka tangi la mafuta. Toa vishikio vya kioo cha mbele. Ondoa kitambaa cha ndani ya mlango, taratibu, kwa sababu nacho ni ushahidi. Ukishapata pahali, chukua msasa wa maji namba 600, kisha 1000, usugue duara dogo kama la shilingi mpaka bati lionekane katikati. Tabaka zitajitokeza kama pete, ya zamani kabisa ikiwa ya ndani. Piga picha kwenye mwanga wa mchana pamoja na rula. Sugua kwa maji siku zote na uvae barakoa. Rangi za zama hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuchezea nyumbani kwenye watoto.

Ukikuta nyeusi ya asili imebaki hata nusu ya gari, ushauri wangu ni kuiacha. Najua hii haiwafurahishi wanaotaka kwenda kwenye Concours, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, Nairobi, na gari linalojionyesha kama kioo. Lakini mpya inaweza kupakwa wakati wowote, ya kiwandani ilipakwa mara moja. Isafishe kwa sabuni laini na kitambaa cha pamba, ikauke, uipake nta isiyo na silikoni. Tina kali usiisogeze karibu, kwa sababu nyeusi nyingi za Ford zilikuwa na lami ndani yake na zinaweza kuyeyuka na kuchafuka papo hapo. Mafuta ya kitani nayo siyapendi, ingawa wengi huyasifia: yanapendeza mwezi mmoja, kisha yanashika vumbi na kuwa utando unaonata.

Ikiwa hakuna kilichobaki cha kuokoa, paka nyeusi ya enameli bila kuweka kliya, ile rangi angavu ya kung'arisha, juu yake. Ford ilimwagia bodi rangi ikatiririka, na vipande vidogo ikavichovya. Ndiyo maana kwenye ukingo wa chini wa kipande cha asili utakuta matone yaliyogandia. Fundi rangi wa leo akiyaona atataka kuyasugua. Mkataze.

Mbao za bodi hutaabika huku kwetu kwa mchwa na unyevu. Badilisha kipande kilichooza tu, na kile cha zamani kikitoka, hata kama ni unga nusu, kihifadhi kiwe kielelezo cha kukatia. Mvule uliokaushwa vizuri unafaa mahali pasipoonekana. Spoki ni habari nyingine. Ukitikisa gurudumu ukasikia mlio, usikubali ujanja wa kulilowesha maji ili mbao zivimbe. Zikikauka zinalegea tena, na wakati huo utakuwa barabarani.

Kuna kitu kimoja ninachokibadilisha hata mwenye gari akilia kuhusu uasili. Ndani ya difu, gia za ekseli ya nyuma, kuna washa za kuzuia msukumo zilizotengenezwa kwa babiti, madini laini ambayo kwa umri huu yamepasuka au yanakaribia. Breki ya mguu ya Model T inakaba ndani ya giaboksi, na nguvu yake inafika magurudumuni kwa kupitia difu hiyo hiyo. Washa zikivunjika, gia za difu zinaachana, na breki inaondoka pamoja na mwendo. Weka za bronzi. Hakuna jaji atakayefungua difu kuziangalia.

Mwisho ni karatasi. Namba iliyo kwenye hati ya umiliki isipolingana na iliyo kwenye bloku, usimruhusu mtu apige namba juu ya chuma ili vilingane. Hilo ni kosa la jinai na linafuta ushahidi wa gari. Piga picha ya bloku ilivyo, andika maelezo ya injini ilikotoka kama unajua, uende nayo kwenye mamlaka ya usajili kabla hujatumia pesa kwa fundi. Hati ikikwama, na imewahi kukwama kwa wateja wangu zaidi ya mmoja, ni nafuu ikwame gari likiwa bado bandani.