Barua kwa mwanangu: nilichokuwa nikifuata kwenye mizabibu

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Malindi. Huku kusi limeanza kuvuma na mabati hayalali usiku.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema ulikuwa ukimsimulia mchumba wako safari zetu za mashambani Italia, akakuuliza, "Mbona mamako hanywi?" nawe ukakosa jibu. Sasa waniuliza mimi: miaka yote ile ya kuzunguka kwenye mashamba ya divai na Baba, nilikuwa nikifuata nini?

Jibu la kwanza ni jepesi. Nilikuwa dereva. Babako akishaonja glasi tatu za divai ya Lambrusco pale Castelvetro, nani angeturudisha Modena? Ile Panda kuukuu, kigari chetu cha Fiat, nimeipandisha vilima vya Langhe kwenye ukungu wa Oktoba, babako kando yangu kalala mdomo wazi, nyinyi wawili nyuma mnagombania dirisha. Chianti sikusimulii. Palikuwa pazuri, ila wageni walizidi mizabibu.

Halafu kulikuwa na kula, na hilo hukulisahau. Ule unga wa kukaanga unaofura, gnocco fritto, wewe uliuita mahamri yasiyo na iliki, na hadi leo nakubaliana nawe.

Jibu la pili ni refu kidogo. Babu yangu alikuwa mgema, na mama yangu alikuwa mlokole. Nikakulia katikati yao: harufu ya tembo iko uani kila siku, na kuligusa ni fimbo. Babu alipanda minazi alfajiri na jioni, akapunguza ncha ya karara kwa kisu chembamba, akashuka na kibuyu. Likiteremshwa asubuhi, tembo ni tamu. Jioni limeshakuwa kali. Ukiliacha siku chache, hiyo ni siki ya kutilia kachumbari. Maisha yake yote mzee yule alishindana na jua. Asipouza leo, kesho ni hasara.

Ndiyo maana nilianza kupapenda pale kwenye jibini, nje ya Reggio Emilia. Wakumbuka? Tuliamka gizani, nawe ukalia njia nzima. Maziwa ya jana jioni yaliyoenguliwa malai huchanganywa na ya asubuhi katika masufuria makubwa ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa, na sufuria moja hutoa jibini mbili tu za Parmigiano Reggiano. Ziliponyanyuliwa kwa kitambaa cha kitani, zikichuruzika, yule mzee wa jibini akazikata na kusema ni mapacha. Ukaacha kulia, ukataka kujua nani kazaliwa kwanza! Kila moja inataka maziwa kama lita 550. Hulala kwenye maji ya chumvi wiki tatu hivi, kisha hukaa rafuni miezi 12 kwa uchache, ndipo mkaguzi aje na kinyundo chake, agonge huku na huku akisikiliza kama ndani kuna ufa. Nilisimama pale nikimfikiria babu. Mwaka mzima wa kungoja, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Lakini kilichonimaliza ni siki, ile nyeusi ya zabibu waiitayo balsamico.

Mkulima mmoja alinikasirikia nilipokataa glasi yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu asiposifiwa hununa. Mamake, bikizee wa aproni, akanishika mkono hadi jikoni, akaniwekea jibini changa kwenye kisahani na kuimwagia kitu cheusi kizito kama asali. Kinaitwa saba, neno lao la Kiitaliano, si hesabu yetu. Ni maji ya zabibu yaliyochemshwa saa nyingi kabla hayajachachuka, kileo hamna. Akaniambia utotoni walikimwaga juu ya theluji, wakala. Nikaonja, nikasema kwa Kiswahili, peke yangu: hili ni tembo la asubuhi, mtu kaliwahi kabla ya jua.

Baadaye akanipandisha ngazi hadi darini. Siki gani ya kupandiwa ngazi? Ilikuwa Agosti, joto la chini ya vigae lakata pumzi. Mapipa yamepangwa safu safu, kubwa hadi dogo, ya mwaloni, ya mforsadi, ya mcheri, na tundu la kila pipa limefunikwa kitambaa cheupe. Joto lile ndilo linalofanya kazi. Kila mwaka huchotwa kidogo kutoka pipa dogo kabisa, likajazwa kwa la jirani yake, na hilo kwa la nyuma yake, mpaka pipa kubwa litiwe maji mapya ya zabibu yaliyopikwa. Miaka 12 ndiyo mwanzo wa kuiuza. Ile wanayoiita extravecchio ni 25.

Safu moja ilikuwa na jina la mwanamke. Ni binti wa yule bikizee. Zamani mtoto wa kike akizaliwa, familia ilimwanzishia mapipa yake, akiolewa huondoka nayo. Yule binti kwa sasa ni nyanya wa watu. Nikalia kidogo, mwanangu, nikasingizia ukali wa siki. Babu yangu alijua kazi yake kama wao, lakini hakuwahi kumiliki kitu cha kungoja.

Nilinunua kichupa kimoja cha mililita 100, kwa pesa ambazo babako hakuambiwa. Alipokiona akacheka hadi akakaa chini: aliyechora chupa ile ni Giugiaro, msanifu wa magari, yule yule aliyechora Panda yetu.

Mkienda na mchumba wako, anzeni na jibini. Saa mbili asubuhi muwe mmeshafika, mkichelewa mtakuta sakafu inaoshwa.

Kichupa bado kipo kabatini, nyuma ya unga wa ngano. Kimebaki kama vijiko viwili. Mkija Desemba embe ngowe zitakuwa zimeiva, tutakidondoshea juu yake.

Mamako