Picha ya babu keya: anza na kofia

Babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Miaka yote nyumbani tuliambiwa alipigana "vita vya Mjerumani", nasi tukaelewa ni vile vya 1914 hadi 1918. Picha yake imebaki moja tu, ndogo kuliko kiganja. Nilipokaa nayo vizuri, kofia ndiyo iliyokataa hadithi yetu.

Keya wa vita vya kwanza utamwona na tarbushi, au kofia fupi ya kaki yenye kitambaa cha kukinga shingo, na mara nyingi yuko miguu mitupu. Babu amevaa kofia pana, ukingo umepindwa juu upande mmoja. Hiyo ni kofia ya King's African Rifles wa Vita vya Pili, wale waliofika Burma (Myanmar ya leo). Mjerumani wa babu alikuwa Hitla!

Ukishaitazama kofia, piga picha skani kwa nukta 1200 kwa inchi, wala usiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Nilichodhani ni doa kwenye mkono wa shati, kwenye skani kikawa kichwa cha kifaru: alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliundwa 1943, basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Chini yake tepe mbili. Kopla.

Penye rangi nilipotea kabisa. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi wekundu, kwa hiyo nyekundu hutoka karibu nyeusi na buluu hupauka. Utepe wa nishani usiutambue kwa weusi na weupe. Hesabu mistari, linganisha upana. Ule wa Burma Star, kwa mfano, ni ushahidi mzuri sana wa tarehe kwa sababu nishani hiyo ilianzishwa Mei 1945. Kifua cha babu ni kitupu, lakini utepe usipokuwepo hauthibitishi lolote.

Tazama na vifungo. Shati la kiume, upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu. Ukiona kinyume, huenda picha iligeuzwa ilipochapwa.

Na kama kuna nishani ya vita vya kwanza kwenye sanduku la bibi, isome ukingoni kwanza: Waingereza walichonga humo namba, cheo, jina na kikosi.

Nyuma ya picha, pembeni, nimeandika kwa penseli laini: "Kopla, Divisheni ya 11, 1943 au baadaye." Nimeacha nafasi ya namba yake ya jeshi.